Uani kwa Kijakazi Mtoto Habebi Mtoto

Mmekuja tena. Jana nilisema sina la kusimulia, leo mmeleta kalamu na karatasi. Mtu niliyeishia darasa la pili mnaniandikisha habari za jirani nisiyesalimiana naye, kwani Masumbwe nzima wamekwisha waliosoma? Haya. Nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa akalale.

Kijakazi, tunayemwita Mama Salmini, hana uso wa kukaribisha wageni. Alikulia Tinde, akaolewa hapa, mume akafa akamwachia nyumba yenye ua mpana nyuma. Ua huo ndio ukawa kazi yake. Wanawake wanaokwenda mwaloni, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa na kuoshwa, humwachia watoto asubuhi, wakaja kuwachukua jua likipoa. Mwaloni kuna zebaki, kuna madimbwi, kuna karasha zinazotafuna mawe na kutema vumbi. Si mahali pa mtoto. Hilo hata mimi nisiyempenda nalikubali.

Lakini amri zake! Ua ameukata mara tatu kwa uzio wa mabua ya mtama. Sehemu ya kwanza ina mkeka, ni ya wasiotembea. Ya pili ni ya wanaotembea bila kujua waendako. Ya tatu ni ya waliokwisha kung'oka meno ya mbele. Umri haulizi, maana akina mama husema uongo. "Achama," anamwambia mtoto. Mtoto anaachama, Kijakazi anachungulia kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, kisha anaonyesha kwa kidole: kule. Ndugu au si ndugu, kila mmoja kwa meno yake.

"Ndugu wakikaa pamoja," husema, "mmoja anageuka mama, mwingine anageuka mzigo. Mimi napokea watoto. Mizigo pelekeni stendi."

Ndipo akaja Coletha, mgeni kutoka vijiji vya Ushirombo. Alikuwa na binti yake Monika, mwenye pengo mbele, na mgongoni kwa Monika kafungwa mdogo wake wa kiume, Ezekiel, mtoto mnene ambaye miguu yake ilimfika dada magotini.

"Shikamoo, Mama Salmini."

"Marahaba. Mshushe huyo."

"Huyu? Aa, hawa hawana shida. Monika ndiye mlezi wake. Anamlisha, anamwogesha, analala naye. Wewe wape kivuli tu."

"Hapa mtoto habebi mtoto."

Wenzake Coletha walikuwa wanamwita barabarani, akaondoka mbio akidhani ni maneno tu. Kwa akina Coletha, msichana akishakabidhiwa mtoto ndiye mlezi wake, na kumpokonya ni kama kumpokonya mtu jembe yuko katikati ya tuta. Kijakazi aliyajua hayo. Akafungua fundo la kitenge hivyo hivyo. Monika akamuuma mkono, na kwa kuwa meno ya mbele hana, akamuuma kwa pembeni. Kijakazi hakumpiga. Alimbeba Ezekiel anayepiga kelele kama nguruwe, akamweka sehemu ya pili, na Monika akamsukumia ya tatu, wasichana walikokuwa wanacheza rede.

"Ingia kati ukwepe!" wakamwita.

Monika akasimama. Nyonga kaitoa upande, mkono kaukunja nyuma, kama anashikilia matako ya mtoto asiyekuwepo. Mpira wa soksi ukampiga kifuani. Hakukwepa. "Mti huo!" wakamcheka.

Kijakazi aliiona ile nyonga, akageuza uso. Yake mwenyewe ilibaki vile vile tangu Tinde, alikobeba watoto wa mama yake mmoja baada ya mwingine mpaka siku anaolewa. Hutembea akiinamia upande, kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, na ole wako umwambie.

Wakati wa uji Ezekiel akafunga mdomo. Kijakazi akajaribu kikombe, kijiko, kidole, na vitisho. Mtoto akamtemea kifuani.

"Kufa basi na njaa yako!" akasema, akamimina kikombe kingine.

Kufikia mchana mtoto alikuwa ameacha kulia, na hapo ndipo Kijakazi alipoogopa. Ezekiel alilala kifudifudi, midomo mikavu. Mtoto akizimia uani kwake, ua umekufa, hakuna mama atakayemwachia tena mtoto. Akaenda kwenye uzio.

"We, Monika. Njoo umlishe. Umlishe ukiwa umekaa chini. Ukimnyanyua tu, mtanitambua."

Monika akaketi, akamega kiazi kikavu kilichochemshwa, akakilainisha kwenye uji kwa vidole vyake. Ezekiel akala, akala tena, akalamba na vidole. Aliposhiba, Kijakazi akamwonyesha sehemu ya tatu: rudi kwako. Msichana akaenda akigeuka geuka nyuma. Jioni inakaribia, mpira ukampiga tena, na safari hii akauokota, akamtandika nao mwenzake sikioni. Kijakazi nusura acheke.

Coletha aliporudi alimkuta binti yake katikati ya rede, vumbi mpaka kwenye kope.

"Monika! Mtoto yuko wapi?"

Monika akashtuka, nyonga ikatoka upande.

"Watoto wako wote wapo," Kijakazi akamjibu. "Unamuulizia yupi?"

"Usinichezee, Mama Salmini. Nimeleta mtoto na mlezi wake, nakuta mlezi anarusha mpira! Akizoea hivi, nyumbani nani atanibebea? Wewe?"

"Aliyezaa abebe."

"Mimi nabeba mawe! Wewe uliyezaa mmoja, tena amekimbilia Geita hata kukujulia hali harudi, utanifundisha kulea?"

Coletha akamfunga Ezekiel mgongoni kwa dada yake, akatoka bila kuaga.

Asubuhi hawakuja. Wanawake wengine walipoleta watoto wakasema Coletha kaenda na wake mwaloni, Monika kakaa pembeni ya karasha na mtoto mgongoni, vumbi linawanyeshea.

"Si wewe umewafukuza?" mmoja akamwambia.

"Sikumfukuza mtu!"

Lakini uji ulimmwagikia mkononi. Akaja kwenye uzio wangu, yeye nisiyesalimiana naye, akapiga kelele: "Kaa na hawa!" Hakuomba. Akavaa kandambili, akaenda.

Kule mwaloni, wanawake walinisimulia jioni, Coletha alikuwa anaponda mawe kwa nyundo. Alimwona, hakumwamkia.

"Nimemfuata mdogo," Kijakazi akasema.

"Bila mlezi wake haendi."

"Na huyo mlezi wake."

"Utawatenganisha."

"Kula watakula pamoja. Kubebana, hapana."

"Na akilia?"

Karasha ikawaka, vumbi likafunika wote, Ezekiel akakohoa kikohozi cha mtu mzima. Kijakazi akainama, akafungua fundo la kitenge, akamrusha mtoto juu ya mgongo wake mwenyewe, kwenye nyonga ile ile. Ezekiel akalia, akamvuta ushungi ukaanguka, wanaume wa karasha wakaona mvi zake zote.

"Akilia nitambeba mimi! Umeridhika, au nikubebe na wewe?"

Wanawake wakacheka. Coletha hakucheka, wala hakusema asante.

"Ukimwangusha nitakujia."

"Njoo na nyundo yako."

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Kijakazi anazunguka uani anakaripia watu, Ezekiel yuko mgongoni, na kila wiki anazidi kulalia upande. Monika anacheza. Coletha akija huuamkia mlango, si mtu. Nami nimeona Kijakazi akijishika ukuta akidhani hakuna anayemtazama.

Sasa ninyi mlionisumbua, mmepata mlichotaka, na mimi nataka changu. Kesho asubuhi mmoja wenu afike uani kwake na mgongo mzima, ampokee yule mtoto. Atakutukana. Vumilia, mpokee. Mimi sitakwenda, sisemi naye.