Walisema ni Baridi

Dada yangu Bertilla alimzaa Kasimiri mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yake ikiwa bado haijakandikwa udongo. Mtoto alikuwa na midomo ya bluu na kucha za bluu, na akinyonya kidogo tu alihema kama aliyepanda mlima. Kijiji kizima kikawa na jibu moja: baridi. Hapa Ufipa kila mtu ni bingwa wa baridi. Mama mkwe wake ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Unamtoa na umande kwenda shamba la kijiji, halafu unashangaa?"

Bertilla akamfunika mablanketi mawili, akamweka karibu na moto. Bluu haikutoka. Basi akambeba mgongoni, akateremka milima hadi Ilemba, bondeni, kwenye joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa tu. Akamvua nguo zote. Midomo ilikuwa bluu vilevile.

Mganga wa zahanati ya huko alimsikiliza mtoto kifuani, akasema: "Si baridi, mama. Amezaliwa na moyo mbovu, na mshipa wa kupeleka damu kwenye mapafu ni mwembamba mno. Wewe huna kosa."

Dawa hakuwa nayo. Kasimiri alifia njiani, wakipanda kurudi nyumbani.

Msibani mama mkwe alileta blanketi jipya. "Mzikeni nalo, angalau huko asisikie baridi."

Bertilla alilipokea kwa mikono miwili, akamtupia mkwewe mabegani.

"Jifunike wewe, mama. Mwanangu hakuwahi kusikia baridi."