Choo Nilichomchimbia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizama chooni siku ya ubatizo wa mwanangu, saa nane mchana, wageni wakiwa na sahani mikononi.

Choo chenyewe nilikijenga mimi. Sikuweka fundi.

Na alipoita, mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote. Hatua kama kumi hivi. Sikusogea.

Naitwa Fabiani. Kwetu ni Kibaoni, ila nimejenga Magamba, na nauza vipuri vya pikipiki Mpanda mjini. Habari hii nimekaa nayo tumboni muda mrefu. Leo naitoa, mkimaliza kusoma mnicheke tu, ni haki yenu.

Mke wangu Nyanzala ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe zamani, wakaweka mji wao nje kidogo ya Sitalike. Ukioa kule, mama mkwe una masharti naye. Humshiki mkono. Huli naye. Mkikutana njiani unampisha, unamsalimia ukiangalia pembeni. Na choo hamchangii, labda uwe umeamua kuishi bila haya.

Kwa hiyo mama mkwe akitarajiwa kuja kukaa, unamchimbia choo chake peke yake.

Baba mkwe, mzee Ndaki, alilijua hilo mapema. Aliposikia Nyanzala ana mimba alikuja na trekta la jirani yake, nyuma limebeba magogo mawili ya mninga. Yalikuwa nguzo za mlango wa zizi lake. Zaidi ya miaka ishirini yalikuwa yamesimama kwenye mbolea na mkojo wa ng'ombe, mchwa wakayaonja na kuondoka zao. Gogo moja lilikuwa na alama ya moto, herufi N yenye mkia. Ndiyo chapa ya ng'ombe zake. Chuma kikishapata moto, alikuwa anakijaribia kwanza pale kwenye nguzo.

Aliniambia, "Mkwe, mke wangu mama Malale akija kulea mjukuu, haya ndiyo utayapitisha juu ya shimo. Zege linachoka. Haya hayachoki."

Miezi miwili baadaye mzee akafariki.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Ilipofika mwezi wa sita wa mwaka, Nyanzala alienda kukaa kwa dada yake, karibu na hospitali, kusubiri kujifungua. Nikabaki mimi na magogo. Siku moja rafiki yangu Deo, seremala, alipita kunisalimia, akayagonga yale magogo kwa nyundo, akapiga mluzi. Akasema mninga wa namna ile siku hizi huupati hivi hivi, na kuutumbukiza chooni ni kumvalisha mbuzi suti.

Maneno yale yaliniingia. Kitanda chetu kilikuwa kinalia hadi jirani anajua tumegeuka. Nikajiona nampokea mke wangu na kitanda cha sita kwa sita, mninga mtupu. Choo nani anachungulia chini yake?

Magogo yakaenda kupasuliwa mbao. Deo alipofika kwenye ile alama ya moto akasema imezama sana, randa haiwezi kuimaliza. Nikamwambia huo mti auweke katikati ya kitanda, ule unaobeba chaga, alama iangalie chini. Basi, ikaisha hiyo.

Choo nikajenga mwenyewe kwa kuangalia video za kwenye simu. Juu ya shimo nikapanga miti myembamba ya mkaratusi, imekatwa asubuhi ile ile, na magome yake. Anayeijua kazi angeimenya kwanza, halafu angeipaka oili chafu ya gereji kuzuia mchwa. Mimi nauza vipuri, oili chafu naikanyaga kila siku, nikaona uvivu kubeba dumu moja hadi nyumbani. Zege nikalijaza mchanga. Pa kuweka nondo nikaweka waya wa fensi. Maji ya kulikomaza, siku saba, nilimwagilia siku moja.

Ila juu nilipiga niru ya saruji, sakafu ikang'aa. Hata mimi mwenyewe nilikiamini.

Nyanzala alijifungua salama, mtoto wa kiume. Tukampa jina la babu yake, Ndaki. Alipokiona kitanda alikizunguka mara mbili, akauliza nimekipata wapi. Nikasema nimenunua kwa Deo. Magogo nikamwambia yako chini ya choo cha mama.

Mama mkwe akaja, akalea siku arobaini. Alikuwa anamwita mjukuu wake "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu. Siku moja nikiwa upande wa pili wa ukuta nilimsikia akimwambia Nyanzala kwamba kile choo anakikanyaga bila wasiwasi, maana anamjua aliyemshikilia pale chini.

Nilisikia vizuri kabisa. Nikawasha pikipiki nikaenda zangu dukani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, siku ya ubatizo. Mama mkwe alikuwa amekuja na Malale, kaka mkubwa wa Nyanzala. Tumetoka kanisani, wali umepakuliwa, watu wanaanza kuchangamka.

Nikasikia mlio wa kitu kuvunjika, halafu sauti ya mama mkwe. Hakupiga kelele. Aliita tu jina la mwanae Malale, mara mbili.

Mlango wa bati ulikuwa umeachia. Nikamwona amezama hadi kwapani, viwiko vimeng'ang'ania ukingo wa zege uliobaki.

Niliwaambia watu sikwenda kwa sababu ya mila, mkwe hashikwi. Wakanielewa. Lakini ukweli ni huu, na ndio unaoniumiza mpaka leo: kitu cha kwanza nilichokiona haikuwa yeye. Niliona ile mikaratusi iliyovunjika, imejaa udongo wa mchwa, nikaanza kutafuta nitasema nini. Mama wa watu ananing'inia juu ya shimo la futi kumi, mimi natunga uongo.

Malale na jirani yetu Gabrieli ndio waliomvuta. Mguu ulikuwa umechanika kutoka goti hadi kwenye kifundo. Akina mama wakamzungushia vitenge, wakamwosha pale pale uani, huku wanaume wote tumegeukia barabarani.

Malale akaokota kipande cha mti, akakivunja kwa vidole.

"Shemeji, mninga wa baba uko wapi?"

"Uliibiwa," nikasema. "Niliona aibu kuwaambia."

Watu wakanipa pole. Gabrieli akasema wezi wa siku hizi hawaogopi hata mali ya marehemu. Nami nikatikisa kichwa kama mfiwa.

Wakamwingiza mama chumbani kwetu, ndimo mlimokuwa na kitanda cha maana. Akagoma. Damu inatoka, lakini kitanda cha mkwe wake halali, hata iweje. Wakamtandikia mkeka sakafuni, kando ya kitanda, akalazwa chali, kichwa kimeingia kidogo uvunguni.

Mimi niko sebuleni. Hapo ndipo nilipokumbuka alama iko wapi.

Angekubali kulala juu asingeona kitu. Heshima aliyonipa mimi ndiyo iliyomlaza chini, macho yakitazama uvungu wa kitanda.

Kisha nikamsikia anawaomba wanawake watoke, na Nyanzala pia. Akaniita. Nikasimama nje ya pazia, uso nimeuelekeza ukutani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Kitanda kizuri."

Nikakwaruza chokaa ya ukuta kwa ukucha.

"Ila mti huu mume wangu aliuleta kwa ajili ya choo."

Nilitamani anitukane. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, akasema, "Malale simwambii. Ana hasira za baba yake. Utamwambia wewe, na mimi nisiwepo. Sitaki kuona mkwe wangu anavyoinamisha uso."

Nililia pale kwenye ukuta, mtu mzima na shati langu la ubatizo. Hata kwenye aibu yangu, yule mama bado alikuwa anachunga mila, nisivunjiwe heshima.

Aliondoka kesho yake asubuhi, anachechemea. Jioni nikamweleza Nyanzala kila kitu. Alivuta godoro akalitandika sebuleni, akamlaza mtoto, akaniambia yeye hawezi kulala juu ya nguzo zilizomwangusha mama yake.

Wiki iliyofuata nikaenda Sitalike kwa Malale. Nilijiandaa kupigwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, akanipeleka kwenye zizi. Mlango umefungwa kwa kamba.

Akasema tangu mzee ang'oe zile nguzo wamebadilisha miti ya mlango mara tatu, na kila mara mchwa wanaimaliza. Mzee alijua itakuwa hivyo. Alimwambia Malale kwamba ng'ombe akitoroka atatafutwa, ila mama akitumbukia hatafutwi.

Bora angenipiga.

Nikarudi, mimi na Deo tukakifungua kitanda. Tukachimba shimo jipya, tukazipaka mbao oili chafu, tukazilaza kwa ubavu juu yake, na ule mti wenye alama ukakaa katikati. Nondo za kweli safari hii. Kabla ya kumwaga zege nilipiga picha ile alama, nikamtumia Malale. Nilimwagilia maji asubuhi na jioni, siku saba, na ya nane nikamwagilia tena.

Pasaka mama mkwe akaja, na fimbo. Nilikuwa nyuma ya jiko nikijifanya napasua kuni. Nikamsikia anasimama mlangoni pa choo. Akagonga sakafu kwa fimbo. Akagonga tena. Akaingia.

Alipotoka alimchukua mtoto kutoka kwa Nyanzala, akamwambia kwa sauti ya kunifikia hadi nilipokuwa:

"Mume wangu, leo umenishika."

Ndugu yangu unayejikarabatia nyumba yako, menya magome, paka oili, mwagilia siku zote saba. Hayo utayapata hata kwenye simu. Nitakalokwambia mimi ni kwamba ukipewa kitu imara cha kuweka chini, kiweke chini. Usikipandishe juu ili usifiwe.

Sisi bado tunalala sakafuni. Deo ameniuliza mara mbili kama anitengenezee kitanda kingine, cha mbao yoyote.

Nimemwambia asubiri, mwenye kunipa ruhusa ni Nyanzala, na bado hajasema.