Sanduku Lisilo na Jina la Shule

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi juu ya bati hunuka mafuta ya taa na kitu kingine kikali kinachokaa kooni. Hiyo ndiyo harufu ya Desemba ile, kwenye kibaraza cha Fundi Komba nyuma ya soko la Songea, mvua ikinyunya na ukungu umevifunika vilima vya Matogoro kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba, na mfukoni nilikuwa na masuku mawili, matunda ya porini, niliyoshindwa kuyala kwa wasiwasi. Kwetu mtoto aliyefaulu alitengenezewa sanduku la bati, na juu ya kifuniko fundi aliandika jina lake na jina la shule anayokwenda, kwa herufi za kusomeka hata likiwa juu ya basi. Fundi Komba alimaliza jina langu, ASTERIA, akachovya tena brashi.

"Haya mwanafunzi, shule gani?"

"Acha kwanza, fundi."

"Acha Kwanza? Hiyo iko wilaya gani? Sijawahi kuiandika."

Wanaume waliokuwa wakisubiri ndoo zao zizibwe walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka, kisha nikalibeba sanduku kichwani hadi kwetu Ruhuwiko, na chini ya jina langu pamebaki nafasi tupu ya upana wa kiganja.

Shule zilikuwa mbili, na zote zilichukua wasichana wachache waliochujwa. Ya kwanza ilikuwa ya masista, ambako nilikuwa nimefanya mtihani wao wa kuingilia. Ilisifika kwa maktaba, kinanda, na wasichana waliozungumza Kiingereza kama wanakunywa maji. Ya pili ilikuwa ya serikali, mbali, upande wa Njombe, ya waliofaulu kuliko wengine mkoani. Huko walisifika kwa midahalo na historia, na ilisemekana msichana aliyetoka huko haogopi hata mkuu wa wilaya. Mimi nilipenda historia na nilipenda vitabu. Nilipenda pia kinanda ambacho sikuwahi kukigusa. Kila asubuhi niliamka nimechagua moja, na kabla uji haujapoa nilikuwa nimehamia nyingine.

Nadhani hatukuwa tumezoea kuchagua. Miaka michache nyuma mama alipanga foleni ya sabuni na kuchukua iliyopo, na kama haikuwapo alirudi na kikapu kitupu. Sasa biashara ilikuwa ruksa, maduka yalijaa, na nilimwona mama huyo huyo amesimama mbele ya kaunta, kila mkono una sabuni yake, ananusa hii, ananusa ile, mpaka mwenye duka akamwuliza, "Mama, unanunua au unaoga hapa hapa?" Mama aliziweka zote mbili akaondoka. Nilimwonea aibu siku ile. Sikujua kwamba nami nilikuwa kwenye kaunta hiyo hiyo.

Baba alikuwa karani wa mahakama, aliyehamishiwa Songea kutoka Tabora kabla sijazaliwa. Yeye aliishia darasa la nane, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko chapa. Alinifundisha kwamba karatasi iliyofutwafutwa haiaminiki, hata ikisema kweli. Barua zote mbili zilipofika, alizipanga mezani, akaniambia, "Atakayesoma ni wewe. Mimi nilichaguliwa kila kitu. Chagua, fomu zote nimeshasaini." Watoto wengine wangeruka kwa furaha. Mimi nilizigeuzageuza barua zile siku tatu, ya juu chini, ya chini juu.

Shule ya masista ilitaka fomu irudishwe kabla ya Krismasi, pamoja na ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini unataka kusoma pale. Niliuandika ukurasa ule nikauchana. Niliandika tena, nikaona herufi moja imeegemea, nikauchana. Mara nyingine neno lilikuwa zuri lakini si la kweli, mara nyingine lilikuwa la kweli lakini baya. Haraka haraka haina baraka, nilijiambia, nikaificha fomu chini ya godoro mpaka nitakapoweza. Krismasi ikapita.

Katikati ya hayo bibi, mama yake mama, aliyekaa Matogoro, aliniuliza tukiwa tunamenya maharage mabichi. "Mke mwenzangu, si unakwenda kwa masista?"

"Ndiyo, bibi."

"Na makaratasi yao umepeleka?"

"Nimepeleka."

Nilisema ndiyo kama mtu anavyosema salama akiulizwa habari za nyumbani, hata kama nyumbani kunawaka moto. Lakini bibi hakuwa mtu wa kukaa na neno. Jumapili iliyofuata wanawake wa jumuiya yake ya kanisani walikuja kuniaga. Ni desturi yetu, na ni nzito: mtu akishaagwa, amekwenda. Walileta kitenge, miche ya sabuni, karanga za kukaanga na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Waliimba, wakanishika kichwa mmoja mmoja, wakaniombea nikawe mtoto mzuri kwa masista. Nilipiga magoti katikati yao, nikaitikia kila "amina" pamoja nao. Ningesema nini? Kwamba nimedanganya? Kwamba sijui? Nilipokea jogoo.

Baba siku hiyo alikuwa safarini Tunduru na hakimu wake. Aliporudi aliona kitenge na karanga, akaitikia kwa kichwa polepole, hakuniuliza tena. Nami kimya chake nilikishukuru, kwa maana kilinipa siku nyingine za kufikiri.

Ukurasa niliumaliza Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Hapakuwa na doa. Niliulaza pamoja na fomu ndani ya sanduku juu ya shuka, na nikaondoka na bibi asubuhi kwenda kwa masista, nikiamini, Mungu anisamehe, kwamba watakapouona mwandiko ule watasahau tarehe.

Sista aliyekuwa mezani alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili. "Asteria hayumo. Fomu yako hatukuipata, mwanangu."

Nilifungua sanduku nikampa. Alisoma taratibu mpaka mwisho, bibi akimwangalia midomo. "Umeandika vizuri sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo ambalo lilinivunja. "Lakini kitanda chako kina mtu."

Bibi hakunigombeza. Aliniambia, "Shika upande wako," tukalibeba sanduku kurudi barabarani. Nilijifariji njia nzima kwamba bado ipo ile ya serikali, na kwamba labda hivi ndivyo Mungu alivyonichagulia.

Baba alitukuta uani. Aliangalia sanduku, akamwamkia bibi, akasikiliza yote amesimama. "Ile nyingine niliirudisha," alisema mwishowe. "Nilipoona umeshaagwa nilikwenda ofisi ya elimu, wampe mtoto mwingine. Nafasi ya watu haikaliwi." Kisha akaomba kuona ukurasa wangu. Aliusoma, akaukunja, akautia mfuko wa koti. "Mwandiko mzuri," alisema. Sikupata kusikia sifa inayouma kama ile.

Wahenga husema mshika mawili moja humponyoka. Mimi yaliniponyoka yote. Watoto wa Ruhuwiko waliniita Fisi, yule aliyeshindwa na njia mbili, nami niliitika. Nilisoma nyumbani kwa masomo ya posta, vitabu vikikaa ndani ya sanduku lile, bila mwalimu wa kuniambia nimekosea wapi. Nikafanya mitihani kama mtahiniwa binafsi, miongoni mwa watu wazima wenye vipara. Nilifaulu. Lakini mtu akiniuliza nilisoma wapi, bado naona nafasi tupu ya upana wa kiganja. Na sitaki kudanganya kwamba moyoni ilikuwapo shule moja niliyoitaka. Mpaka leo, nikiwa na miaka ishirini na sita, sijui.

Siku hizi Songea ina shule za sekondari ambazo siwezi kuzitaja zote. Mwezi uliopita mdogo wangu Tumaini alipata barua mbili, akazisoma akila hindi la kuchoma, akajaza fomu moja palepale, doa la majivu pembeni, akaipeleka kabla ya chakula cha mchana. Nilimwuliza kwa nini ile. "Nimeipenda tu, dada," alisema. Kisha akaniomba sanduku langu na kopo la rangi.

"Jina lako nilifute?"

"Liache."

Alipiga magoti uani na kuandika mwenyewe, jina lake na jina la shule, katika nafasi ile. Harufu ilikuwa ile ile. Herufi zilipanda mlima, na ya mwisho, kwa kukosa nafasi, ilibanwa ikashuka pembeni kama inaanguka. Mkono wangu ulikuwa tayari na kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikaukalia.