Rundo la Mama Sia

Sombetini wanamjua Pudensiana, Mama Sia, kwa mambo mawili: mdomo wake na rundo lake. Mdomo tuuache. Rundo lilikuwa nyuma ya nyumba, limefika dirishani: pakiti za chipsi, mifuko ya maziwa, mirija, viroba vilivyochanika. Yeye ni mwokota plastiki. Chupa wanunuzi wanazigombania, lakini mchanganyiko ule hakuna anayeutaka, na kwa miaka kumi na moja ameuchoma kila mwisho wa mwezi, kama wote wanavyochoma.

Safari hii akagoma. Alisikia redioni kwamba kuna karakana Engutoto inayojaribu kugeuza plastiki kuwa mafuta, basi akalundika miezi minne. Majirani wakachoshwa na panya. Balozi wa nyumba kumi akatoa neno la mwisho: Jumamosi saa nne liwe limeondoka, au lichomwe.

Sasa sikilizeni kituko. Jumamosi mapema Pudensiana alivaa kitenge chake kizuri, akachagua magunia matatu ya chupa safi, akazisugua mpaka zikang'aa, akapakia bajaji. Rundo aliliacha palepale! Amelelewa, yule mama. Kwao Kibosho huendi ugenini na uchafu. Akamwambia jirani yake Loishiye, "Wakinikubali nitarudi kulichukua. Saa nne ikifika sijaonekana, liwashe, sitaki kesi na balozi."

Kule karakana, fundi Manase alifungua gunia la kwanza, akakuna kichwa.

"Shikamoo, mama. Hizi ni nzuri mno, zina wanunuzi wake. Sisi tunataka yale machafu, yaliyochanganyika. Yale mnayochoma."

"Marahaba. Yale? Yesu wangu!"

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Akapiga simu ya Loishiye, haipatikani. Betri yake haijawahi kumaliza asubuhi. Mama wa miaka hamsini na mbili akarukia bodaboda, kitenge kizuri kikapeperuka, na njia nzima akamsihi dereva na Bikira Maria kwa zamu.

Alipofika, kona moja ilikuwa imeshaanza kuwaka, moshi mweusi unapanda. Hakuuliza. Alinyakua beseni la jirani, maji na nguo zake humohumo, akamwaga.

"Saa nne imefika, Mama Sia! Si ulisema mwenyewe?" Loishiye alilalamika.

"Niliropoka! Leta mchanga!"

Waliokoa karibu lote. Saa tisa lilikuwa Engutoto, ndani ya pipa la chuma lililofungwa pasipo hewa, moto ukiwa chini yake. Pudensiana na Loishiye wakakaa kwenye tofali, wakangoja. Plastiki ikayeyuka, mvuke wake ukapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na mwisho wa bomba likatokea tone. Likaja la pili. Kisha mchirizi wa rangi ya chai ya rangi. Pudensiana akasimama taratibu, kama mtu aliye kanisani.

"Hiyo ndiyo pakiti ya chipsi?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Ilitoka kwenye mafuta, imerudi mafuta. Kiwanda kinaweza kuyatumia kutengeneza plastiki nyingine bila kuchimba mapya. Mashine nayo inakula moto, sikudanganyi. Ila mkichoma kule nyumbani, karibu kaboni yote inapanda angani, inakaa, inashika joto. Ndiyo maana mvua sasa hazieleweki, mpaka wakulima wa Akheri wanalia."

Pudensiana alichovya kidole, akanusa, akamwonyesha Loishiye. Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Fundi, na ule moshi wangu wa miaka kumi na moja? Ulishaisha?"

Manase akatikisa kichwa. "Sehemu kubwa ya kaboni yake bado iko juu, mama. Itakaa kuliko sisi."

Pudensiana aliinua uso. Mbingu ilikuwa nyeupe, mlima Meru umejificha. Alitazama kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, asiyafute. Kisha akamshika Loishiye mkono.

"Inuka. Mtaa wa pili wanachoma jioni hii."