Namba Isiyotajwa Nyumbani Kwetu

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kasongo, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyethubutu kusema "nane". Tulihesabu saba, halafu "ile ingine", halafu tisa. Kuku, mayai, vikapu vya mihogo, vyote hivyo hivyo. Sheria ilikuwa ya nyanya, mama yake baba. Mume wake alichapwa fimbo nane na watu wa serikali, akainuka, akatembea mwenyewe mpaka nyumbani, kesho yake akafa. Basi nyanya hakuilaumu fimbo, aliilaumu hesabu.

"Ile namba inaita kifo," alituambia. "Mutoto akiitaja, mutu wake anakufa."

Shuleni kwa wamisionari niliitamka, lakini kwa sauti ndogo.

Mwaka mmoja magugu yalifunika shamba la pamba la baba, maana homa ilikuwa imemlaza. Mzungu wa pamba, aliyelazimisha kila nyumba kuilima, hakutaka kusikia habari ya homa. Baba akalazwa kifudifudi mbele ya kijiji kizima ili apigwe fimbo nane. Kapita, mtu wetu mweusi aliyesimamia kazi kwa niaba ya mzungu, akaniona.

"Wewe wa masomo, kuja utuhesabie!"

Nikahesabu. Baba hakulia hata kidogo. Baada ya saba nikamwona nyanya amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Fimbo ya mwisho ikashuka, nami nikanyamaza.

Mzungu akacheka. "Hiyo haikuhesabiwa. Anza upya."

Mungu wangu! Wakarudia yote juu ya ngozi iliyokwisha kupasuka. Safari hii nikapiga kelele "Nane!" kabla fimbo haijamgusa, ili tu wamwache baba yangu.

Alipona. Lakini miaka na miaka nilijilaumu kwa kile kimya changu kilichomwongezea mateso. Nilipokuwa mke wa mtu huko Kabambare, nikarudi nyumbani, nikampigia magoti.

"Baba, unisamehe ile mara ya kwanza niliponyamaza."

"Ya kwanza ulifanya vizuri," akajibu. "Ya pili ndiyo siwezi kusahau. Nilikukosea nini, mwanangu, mpaka ukataka nife?"

Nikataka kumshika mkono, akaurudisha nyuma. Mzungu wa pamba alikuwa amekwisha kurudi kwao zamani, na baba yangu alikuwa ananiogopa mimi.