Chuo Kilichoanzia Sebuleni

Chuo chenyewe kilianzia sebuleni kwa fundi cherehani mmoja, mjane mwenye ulimi mkali na moyo wa pamba. Wasichana wa mtaani walioacha shule, huyu kwa mimba, yule kwa kuuguza mzazi, walikuja kumtazama akishona. Akawafundisha kukata na kuunga. Kisha akaona haifai mtu ajue kushona gauni asijue kuandika jina la mteja, akaleta ubao. Wakamwita Mwalimu, jina likamganda.

Sebule ikajaa, darasa likamega chumba cha watoto. Ikabidi mtu apike, afagie vipande vya vitambaa, awaangalie watoto wa wanafunzi waliokuwa wakitambaa uani. Mtu huyo akawa binti yake, kifungua mimba.

"Nisaidie muhula huu tu, mwanangu."

Muhula ukazaa muhula. Wadogo zake wakasoma, wakamaliza, wakaenda zao. Yeye akabaki na masufuria.

Chuo kikapata majengo, kikapata lango, na juu ya lango maneno makubwa: HAKUNA ALIYECHELEWA. Siku wakaguzi walipokuja, Mwalimu aliwapa historia yote tangu cherehani ya kwanza, maneno yakimtoka kama maji ya mfereji. Mkaguzi mmoja, mama mcheshi, alipokea chai mkononi mwa binti, akamuuliza kwa wema kabisa, "Na wewe dada, ulihitimu hapa mwaka gani?"

Binti akacheka. "Mimi? Mimi ni mtoto wa nyumbani tu. Nikuongeze sukari, mama?"

Wote wakacheka. Mwalimu naye alicheka, ila chai ilimpalia. Yaliyosemwa baada ya hapo hakuyasikia. Alikuwa anaitazama mikono ya mwanawe, ilivyopasuka kwa sabuni.

Wageni walipoondoka alimfuata jikoni. Akakosa pa kuanzia, akashika mwiko.

"Mama, unaunguza maharage."

"Kwa nini hukudai shule yako?"

"Ningemdai nani? Ulikuwa na watu wengi."

"Na wewe hukuwa mtu?"

Binti akauchukua mwiko taratibu. "Nilikuwa nawasikia mkisoma. Mlipofika kwenye hesabu nilisimama hapo dirishani. Siku moja ulinikuta, ukaniuliza mbona chakula kinachelewa."

Mwalimu alijitahidi kuikumbuka siku hiyo, akashindwa. Kutoikumbuka ndiko kulikomchoma kuliko yote.

"Basi uanze kesho," alisema. "Nitakufundisha mwenyewe."

"Kusoma nitasoma, mama. Lakini si hapa. Hapa sufuria ikifoka tu, nitanyanyuka."

Akajiandikisha chuo kingine, upande wa pili wa mji. Siku hizi anapotoka na mkoba begani humkuta mama yake jikoni, macho mekundu kwa moshi, anagombana na kuni. Wanafunzi wananung'unika chini kwa chini juu ya chumvi. Walimu wenzake wamemshauri aajiri mpishi. Hataki hata kusikia.

"Mama, pumzika," binti humwambia. "Mimi sina kinyongo na wewe."

"Najua. Nenda, utachelewa."

Anajua kweli, wala hamshuku. Lakini msamaha huo haujawahi kumtua moyoni. Binti akishapita langoni, mama huvuta ungo, akaendelea kuchambua mchele.