Injini ya Pijo na Sauti ya Mama Safa

Mzee Muhidin wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, ana kasoro moja tu kubwa, na mkewe Rehma atakwambia hata kabla hujamuuliza: analipenda gari lake kuliko gari linavyompenda yeye. Gari lenyewe ni Pijo 404, zamani jeupe, siku hizi rangi ya chai yenye maziwa mengi. Linakaa kwenye banda la mabati lililobanwa kati ya jikoni na ukuta wa jirani. Muhidin huliita gereji. Rehma huliita banda. Kuku hulala humo, nao hawajaulizwa wanapaitaje.

Miaka yake ya nguvu Muhidin aliimaliza Muhoroni akiendesha malori ya miwa. Huko ndiko alikojifunza injini, maana lori likikufia katikati ya mashamba, mvua inanyesha na kiwanda kinangoja miwa, fundi ni wewe na msaidizi wa fundi ni wewe. Alipostaafu akarudi Kisumu na Pijo lake, na Pijo hilo ndilo lililoinua biashara ya Rehma. Alfajiri lilimpeleka Dunga, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki boti zikiingia, na jua likichomoza tayari liko sokoni, beseni zimejaa kiti cha nyuma. Safa, binti yao ambaye sasa ameolewa Nakuru, alisomeshwa na samaki hao. Mpaka leo ukifungua mlango wa nyuma, harufu ya ngege, samaki wa ziwani, itakusalimia kabla hujakaa.

Halafu injini ikazeeka. Ikaanza kula oili na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na mwishowe ikakataa kabisa kuwaka. Ringi za pistoni zimekwisha, Muhidin akasema, na kuzibadilisha ni lazima injini itoke nje. Tangu hapo Rehma anakwenda Dunga kwa bodaboda, beseni mapajani, na Muhidin anakwenda msikitini na kurudi. Hakumwambia mtu, lakini bila lile gari alijiona mzee tu kama wazee wengine, mtu wa kuulizwa habari za magoti. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Mwaka jana alijaribu. Hapa kwetu kutoa injini kuna njia yake inayojulikana: unatafuta kitu chochote kilicho juu, unafunga mnyororo, unavuta. Mwenye mti anatumia mti. Muhidin hakuwa na mti, akatumia boriti ya banda, mkaratusi ambao mchwa walikuwa wameula ndani huku nje ukimeremeta tu. Mchwa hawapigi hodi. Injini ilipoachana na gari, boriti ikakatika, mabati yakashuka, injini ikarudi chini ikaipondaponda rejeta, na kipande cha boriti kikampata Muhidin mguuni. Majirani ndio waliomfukua chini ya mabati, wakambeba mpaka barabarani, wakakaa naye hospitali hadi daktari alipowafukuza. Alilala na plasta muda mrefu, na kila alipoomba maji Rehma alimletea maji pamoja na methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikuwa anaweka kikombe kando ya kitanda, kisha anaenda zake.

Mguu ukapona, ukabaki umepinda kidogo, banda likaezekwa upya, na Muhidin akaanza tena kulizunguka banda.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamwambia mkewe siku moja wakila.

Rehma aliacha kula. "Baba Safa, nisikize. Utajaribu mara moja. Injini ikitoka na kila mtu akabaki mzima, gari ni lako mpaka tufe. Ikianguka tena, hata kama itaangukia sufuria tupu, nampigia Oluoch aje alichukue lote siku hiyo hiyo."

Oluoch hununua vyuma vikuukuu. Alikuwa amekwisha kuja kuliangalia Pijo, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akaondoka akitabasamu. Muhidin hakulipenda lile tabasamu hata kidogo.

Kwa hiyo mara hii aliifanya kazi kwa adabu. Alikwenda kwa Waswa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Bungoma ambaye maneno yake ni machache kama meno ya kuku. Waswa akamtengenezea mabomba matatu mazito yaliyokutana juu, yakawa miguu mitatu yenye ndoano katikati, na kwenye ndoano akaning'iniza winchi yake ya mnyororo. Kisha akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Mzee, hii chuma itabeba. Lakini injini ikiwa juu, hakuna mtu wa kuweka mguu ama mkono chini yake. Hata simu yako ikianguka hapo, wacha ikae. Na injini yenyewe haitembezwi ikiwa inaning'inia. Tunaiinua tu, halafu gari ndiyo inatolewa chini yake."

Wakaanza Ijumaa baada ya swala. Betri ikatoka, maji na oili vikamwagwa kwenye debe, boneti ikafunguliwa ikaegemezwa ukutani pamoja na rejeta. Kila waya aliouchomoa Muhidin aliufunga kipande cha leso kuukuu ya Rehma, hiki chekundu na hiki cha maua, ili siku ya kurudi nyaya zisichanganyikane. Giaboksi wakaiwekea jeki na gogo kwa chini isije ikalala injini ikiondoka. Udongo wa Manyatta ni mweusi, na siku hizo za mvua ulikuwa unameza kisigino, basi Waswa akatandika ubao chini ya kila mguu wa bomba na kuizungushia miguu yote mnyororo ardhini isitanuke. Mabati ya paa juu ya injini wakayafungua ili winchi ipate kimo. Rehma akapita na sufuria yake, akasimama akatazama, akaguna, akaenda. Kwa Rehma hiyo ni sifa.

Jumamosi asubuhi Waswa akavuta mnyororo kuujaribu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Manyatta, mlio wa mnyororo wa winchi ni mwaliko. Injini haijaachana na viti vyake bado, na uwanja umekwisha kujaa: watu wa bodaboda, mwenye posho mill anayetusagia unga, mwingine na mswaki mdomoni. Walikuwa walewale waliomfukua mwaka jana.

"Mzee, ile siku tulikuja ukiwa umeshaanguka," mwenye posho mill akasema. "Leo tumekuja mapema."

Wote wakacheka, na Muhidin akacheka nao. Sasa mtu kama huyo utamfukuzaje? Mtu aliyekubeba mgongoni ukilia kama mtoto, umwambie leo akae mbali? Muhidin alijua vizuri maneno anayotakiwa kusema. Ulimi ukagoma. Na hata Oluoch alikuwepo, ameuegesha mkokoteni wake langoni, eti alikuwa anapita tu.

Waswa akavuta. Injini ikanyanyuka kidogo, Waswa akasimama, akaitikisa, akaisikiliza miguu ya bomba. Ilikuwa imara. Akavuta tena, na msaada ukaingia. Mmoja akasema pandisha. Mwingine akasema hapana, rudisha kwanza. Wa tatu akasema, omera, ndugu yangu, hiyo imekwama kwa giaboksi, isukumeni. Wakaisukuma, na injini ikaanza kubembea. Mtu akalikumbatia bomba ili kulishikilia, akalivuta bila kujua. Waswa akasema ngoja, ila sauti yake ikamezwa na kelele. Babu yake Muhidin, aliyetoka pwani na kazi ya reli, alikuwa na msemo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na sasa mjukuu alikuwa anauona kwa macho yake: ubao mmoja umeteleza, bomba linakaribia kuingia topeni, na pale chini ya injini, ndani ya pua ya gari palipotolewa rejeta, kuna mguu wa mwenye posho mill na ndala yake. Muhidin akaingiwa na hofu ya kweli.

"Nyamazeni nyote."

Sauti ilitoka mlangoni mwa jikoni. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti iliyozoea kusikika Dunga juu ya mlio wa injini za boti, na ikakata maneno yote mara moja.

Ni hivi. Kaka yake Rehma ana boti, na boti hiyo ikipandishwa mchangani mwenye kusema ni mtu mmoja. Waliobaki wanavuta. Ukitia neno lako wakati amri za kuvuta zinaitwa, unaachia kamba na unarudi nyumbani bila samaki, hata kama boti ni yako. Kaka mwenyewe aliwahi kurudi mikono mitupu. Na anayeita, tangu Safa akiwa mchanga mgongoni, ni Rehma.

"Baba Safa, uko wapi?"

"Niko hapa."

Ni baada ya kusikia hivyo ndipo akaendelea. "Wewe mwenye ndala, toa mguu. Rudi nyuma. Endelea kurudi, usiangalie mimi, angalia unapokanyaga. Wengine toeni mikono kwa hiyo chuma, mmoja mmoja. Bwana Waswa, shusha pole pole mpaka ikae pale ilikuwa."

Waswa akashusha. Injini ikarudi kwenye viti vyake, mnyororo ukalegea, na watu wakapumua. Muhidin akakwangua tope, akaurudisha ubao, akaukanyaga kwa mguu wake uliopinda kuhakikisha.

Sasa, mwingine angewafukuza wale watu, na pengine wangeondoka wakinung'unika hadi Idi. Rehma hakumfukuza yeyote. Aliingia jikoni akatoka na kamba nene ya boti, akaifunga nyuma ya Pijo, akaitandaza mpaka katikati ya uwanja, mbali kabisa na injini, kisha akawapanga wote kwenye kamba.

"Nyinyi ndio wenye kazi," akawaambia. "Nikisema vuta, mnavuta. Nikisema tulia, mnatulia. Mwenye maoni atanieleza tukinywa chai."

Wakasimama kwenye kamba wamevimba vichwa kwa umuhimu. Muhidin alimtazama mkewe akamkubali upya, kama siku ile ya kwanza alipomwona akibishana na wavuvi. Na aliyewahi nafasi ya mbele kwenye kamba, mikono imeshatemewa mate, ni Oluoch.

"Bwana Waswa, inua."

Mnyororo ukalia. Injini ikapanda taratibu, ikapita giaboksi, ikapita pua ya gari, ikaning'inia juu peke yake, na hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo. Rehma akaiacha itulie mpaka ikaacha kuyumba kabisa. Watu wakangoja. Kuku mmoja akajitokeza kuangalia, Muhidin akamfukuza kwa ndala.

"Vuta."

Pijo likarudi nyuma pole pole likatoka bandani, kama boti inayopanda mchangani.

"Tulia. Vuta tena kidogo. Tulia."

Chini ya injini sasa palikuwa na ardhi tu. Muhidin akasukuma tairi kuukuu la lori kwa mti wa fagio mpaka likafika mahali pake, mkono wake ukiwa mbali, na Waswa akaishusha injini juu yake. Tairi likabonyea, likaipokea.

Rehma akawatazama wote kutoka chini kwenda juu. "Kila mtu ahesabu vidole vya miguu yake."

Na wanaume wazima wakainama kuangalia, haki ya Mungu, kabla ya kuangua kicheko. Chai ikaja na mandazi, maoni yote yakatolewa kwa urefu wake, na mwenye posho mill akaeleza mara kadhaa jinsi alivyolivuta lile gari. Oluoch akaondoka na rejeta iliyopondeka mwaka jana, hiyo tu, akiisukuma kwenye mkokoteni mkubwa na ametosheka vilevile. Waswa alikunja mnyororo wake, akampa Muhidin mkono, akaenda zake.

Walipoondoka wote Muhidin alimtafuta mkewe jikoni, hakumwona. Akamkuta uwanjani, ameketi ndani ya Pijo, kiti cha abiria, mlango ameufunga kama mtu anayesubiri dereva. Muhidin akazunguka akaingia upande wake, akashika usukani. Mbele yao pale palipokuwa na boneti palikuwa wazi, na vipande vya leso vikining'inia kwenye nyaya.

"Ungenyamaza tu," Muhidin akasema, "saa hii Oluoch angekuwa analipakia."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unataka liende."

"Gari sikuwahi kulichukia, Baba Safa. Ile siku ya mwaka jana nilikuwa nakaanga samaki, nikasikia kishindo. Nikakuita. Ukanyamaza. Nikakuita tena, ukanyamaza. Wewe ulikuja kuvunjika mguu tu, lakini mimi pale jikoni nilikuwa nimeshakuzika. Mpaka leo ukiingia humo bandani nazima jiko nasikiliza."

Muhidin alikuwa amefikiri miezi yote hiyo kwamba mkewe anazilinda pesa zake na jiko lake. Hakuwahi kumuuliza alisikia nini. Macho yakamwuma, akajifanya anafuta vumbi kwenye usukani.

"Mdomo ulikuwa umejaa vumbi," akasema. "Nilikusikia. Sikuweza kuitika."

"Siku ya kuirudisha hiyo injini, mimi ndiye nitaita."

"Nani mwingine?"

"Na wewe nikikuita utaitika. Hata kama huna la kusema."

"Nitaitika."

Wakakaa hivyo ndani ya gari lisilo na injini, harufu ya ngege nyuma yao.

"Baba Safa," Rehma akaita, ingawa bega lake lilikuwa limegusa la mumewe.

"Naam," Muhidin akaitika.